Amana, Hela na Riba: Maneno ya Fedha na Imani ya Umma kwa Benki Kuu

Mhadhara huu unahusu swali ambalo kwa kawaida tunawaachia wanauchumi: kwa nini watu huiamini noti? Karatasi yenyewe haina thamani kubwa. Thamani yake hutokana na imani kwamba kesho mwenzetu ataipokea kama tulivyoipokea sisi leo. Nitajaribu kuonyesha kuwa imani hiyo huitangulia benki kuu, na kwamba msamiati wa Kiswahili umehifadhi sehemu ya historia yake.

Tuanze na neno amana. Limetokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa imani, amini na amani. Kabla ya benki kuenea katika mwambao, mtu aliyesafiri aliweza kuacha mali yake kwa jirani mwaminifu, na dini ilimwamrisha mtunzaji airudishe kwa mwenyewe. Leo fedha za wateja zilizomo katika benki zetu huitwa amana. Wajibu wa zamani umeingia katika taasisi mpya pamoja na jina lake.

Majina ya sarafu nayo yanatoa ushahidi. Katika karne ya 19, reale iliyotumika sana katika mwambao ilikuwa na sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Sarafu hiyo iliendelea kupigwa muda mrefu baada ya kifo chake ikiwa na mwaka uleule wa 1780, kwa sababu wafanyabiashara walikwisha kuizoea sura hiyo na madini yaliyokuwamo. Hawakuwa raia wa mtawala huyo. Walitegemea kwamba mwenzao naye angeipokea. Hali kadhalika, hela ni heller ya Wajerumani, iliyoanza kutumika mwaka 1904. Wajerumani walisalimu amri mwaka 1918 na sarafu yao ikatoweka, lakini neno likabaki vinywani mwetu.

Huenda msikilizaji akadhani kwamba haya ni mambo ya kale, ya wakati ambapo benki kuu hazikuwapo. Ushahidi wa karibu zaidi unatoka Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwishoni mwa mwaka 1992 serikali ya Mobutu ilitoa noti ya zaire milioni 5. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi, mpinzani wa Mobutu, alitangaza kuwa noti hiyo si halali, na wafanyabiashara wakaikataa. Mwezi Januari 1993 askari waliolipwa kwa noti hizo walikuta hazipokelewi madukani. Walifanya ghasia mjini Kinshasa, na watu wengi waliuawa, akiwamo balozi wa Ufaransa.

Mwezi Oktoba mwaka huohuo ilitolewa zaire mpya, moja ikiwa sawa na zaire milioni 3 za zamani. Katika Kasai, eneo la asili ya Tshisekedi, watu waliikataa. Waliendelea kununua na kuuza kwa noti kuukuu ambazo benki kuu ilikwisha kuzifuta, nazo zikahifadhi thamani yake kuliko zile mpya. Sheria ilikuwa upande wa noti mpya. Kuaminiana kwa watu kulikuwa upande wa zile kuukuu. Hapa tunaona kwamba jamii inaweza kuipa karatasi uhai ambao benki imeunyima.

Tukirejea kwetu, Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, ikarithi kazi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1919. Tangu Januari 2024 inaongoza sera yake kwa kutangaza Riba ya Benki Kuu, ambayo ilianza kwa asilimia 5.5. Kwa mwanauchumi, riba ni bei ya kukopa fedha tu. Kwa Mwislamu, riba ni jina la dhambi. Taasisi inayotaka kuaminiwa imekipa chombo chake kikuu jina ambalo baadhi ya raia wamefundishwa kulikimbia tangu utotoni. Sidai kwamba neno hilo lilichaguliwa kwa uzembe, kwani lilikuwa limezoeleka katika benki kwa miaka mingi. Lakini linganisheni na mfumuko wa bei: yeyote aliyewahi kuona mshono ukifumuka anaelewa mara moja kwamba kitu kilichokuwa kimeshikana kinaachana.

Wanafunzi wa isimu mara nyingi huniuliza istilahi zina faida gani nje ya kamusi. Jibu langu ni hili. Benki kuu hutunza amana ya taifa zima, na kila inapoeleza inavyoitunza, hutumia maneno ambayo wananchi walikuwa nayo kabla yake, yenye maana zao na kumbukumbu zao. Wataalamu wa lugha wana wajibu wa kukaa na wanauchumi kabla tangazo halijatolewa. Wakiitwa baadaye kulifasiri, huenda wasikilizaji wakawa wamekwisha kuamua kama wataliamini.