Seva inayokaa nyumbani: historia ya localhost na makosa yake



Profesa anawafundisha algoritimu, anawafundisha lugha za programu, halafu siku ya kuanza TFC mnakaa wiki mbili bila kuandika hata mstari mmoja, juu mashine haijakuwa tayari. Apache inakataa kuwaka. MySQL inawaka, inazima. Ukurasa unabaki mweupe. Kuna wanaomlipa mtu dola ili aje awawekee kila kitu, na mashine ikianza tena vituko usiku wa kuamkia utetezi, yule mtu hapokei simu. Nimesaidia wengi wa namna hiyo, na nimeona kwamba makosa yale si uchawi, wala si ujinga wa mwanafunzi. Kila moja lina historia yake, na ukiijua unapata pa kuanzia. Hakuna kozi inayoitoa, kwa hiyo niiandike hapa.

Tuanzie CERN, kile kituo kikubwa cha wanafizikia karibu na Geneva. Mwingereza Tim Berners-Lee aliandika pendekezo lake mwaka 1989, na mwisho wa 1990 alikuwa na seva ya kwanza ya webu pamoja na kivinjari cha kwanza, kwenye kompyuta moja aina ya NeXT. Juu ya kompyuta ile alibandika karatasi yenye maandishi ya wino mwekundu: mashine hii ni seva, msiizime. Mimi nikiona picha ya karatasi ile nacheka. Hata kule Ulaya, hofu ya kwanza ya webu ilikuwa mtu kuzima umeme.

Kivinjari kile cha kwanza kilikuwa pia kalamu: dirisha unalosomea ndilo unaloandikia. Seva, msomaji na mwandishi waliweza kukaa meza moja. Kwa hiyo ile tunaita localhost si mbinu ya wanafunzi maskini iliyokuja nyuma, webu yenyewe ilizaliwa hivyo. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikaiachia dunia nzima itumie bila kulipa, na seva zikaanza kuhamia mbali, kwenye mashine za kukodi. Wengi wakabaki na kivinjari tu mikononi.

Sasa angalia vile vifaa vyetu vilipatikana, juu hapa njo kuna chanzo cha shida nyingi. Kwenye chuo kikuu cha Illinois, Marekani, kijana anaitwa Rob McCool aliandika seva iliyopendwa sana, NCSA HTTPd. Mwaka 1994 akaondoka, na kazi ikabaki bila mwenyewe. Watu waliokuwa wanaitumia wakaanza kutumiana viraka vya kuziba matundu yake, kila mtu na kiraka chake. Mwaka 1995 Brian Behlendorf na wenzake wakakusanya viraka vile, ikawa Apache. Kufika Aprili 1996 ilikuwa seva inayotumiwa kuliko zote.

Wakati uleule Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alitaka kujua nani anafungua ukurasa wenye CV yake. Akaandika vifaa vidogo mwaka 1994, akavitoa kwa watu wote Juni 1995. Njo PHP hiyo. Kule Sweden, Michael Widenius na wenzake wawili walianzisha MySQL mwaka 1995. Jina "My" ni la binti yake. (Binti mdogo anaitwa Maria, na MariaDB ikapata jina kwake.) Linux tayari ilikuwepo tangu 1991, kazi ya mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds.

Yaani programu nne, nyumba nne, wazazi ambao hawakukaa pamoja kupanga. Kila moja ina faili lake la mipangilio, lugha yake ya kulalamika, mahali pake pa kuandika makosa. Mwaka 1998 Mjerumani Michael Kunze, katika gazeti c't, akachukua herufi za kwanza akaziita LAMP, na jina likashika. Lakini jina moja halikuzifanya kuwa kitu kimoja. Mpaka leo ukipata ukurasa mweupe, swali la kwanza ni: kati ya hawa wanne, nani amenyamaza? Apache ina faili lake la kumbukumbu ya makosa, PHP ina lake, MySQL ina lake. Nawaona wanafunzi wanafuta kila kitu na kuanza upya mara tano, kumbe jibu liko kwenye mstari wa mwisho wa faili moja ambalo hawajalifungua.

Wengi wetu tulikuwa na Windows, si Linux. Wafaransa walitutangulia hapo: EasyPHP, kisha WampServer ya Romain Bourdon. Kwa sisi tunaosoma kwa Kifaransa zilikuwa faida kubwa, juu maelezo yalikuja katika lugha ya darasani. Mwaka 2002 Wajerumani wawili, Kai Seidler na Kay Vogelgesang wa kikundi cha Apache Friends, wakatoa XAMPP: wale wageni wanne (Linux ikatolewa, ikaingia herufi X ya kusema "mfumo wowote") kwenye furushi moja. Unabonyeza, unangoja, unaandika localhost kwenye kivinjari, tovuti inafunguka. Bila intaneti.

Hapo pa "bila intaneti" nikae kidogo. Anwani 127.0.0.1 ni ahadi ya kiufundi: ujumbe unaotumwa kule hautoki kwenye mashine yako. Haugusi modemu, haugusi mega zako. Mtu wa Bukavu, Goma ao Lubumbashi anaweza kujenga duka zima la mtandaoni, na hifadhi ya data na nywila na picha, bila kununua mega hata moja. XAMPP ilisambaa kwa fleshi, kutoka mashine hadi mashine, pamoja na virusi vyake bahati mbaya. Kwa maoni yangu, furushi lile lilifundisha webu kwetu kuliko kozi nyingi zenye jina zuri.

Waliolitengeneza walichagua urahisi mbele ya usalama, na hilo lazima mlijue. Mtumiaji mkuu wa MySQL, root, anakuja bila nywila. Ndiyo sababu kodi ya rafiki yako, aliyeweka nywila kwake, inakataliwa kwako. Na ndiyo sababu XAMPP haiwekwi wazi kwenye intaneti: ni chumba cha kazi, mlango hauna kufuli.

Tuje kwenye kosa maarufu, Apache isiyowaka. Kila huduma kwenye mashine inasikiliza kwenye poti, yaani mlango wenye namba. Webu ilipewa 80, webu yenye usiri 443, MySQL ilichukua 3306. Mlango mmoja hauna wasikilizaji wawili. Kwa miaka mingi matoleo ya zamani ya Skype yalikuwa yanachukua 80 na 443 ili yapite kwenye mitandao inayofunga milango mingine, na Windows yenyewe ina seva yake, IIS, inayoweza kukaa kwenye 80. Kwa hiyo Apache inakuta mtu ameshaketi. Andika netstat -ano kwenye dirisha la amri, tafuta mstari wenye :80, soma namba ya mwisho, ulinganishe na orodha ya programu zinazotembea. Ao badilisha mlango: kwenye httpd.conf, Listen 80 iwe Listen 8080, kisha uandike localhost:8080. Dakika tano. Hakuna wa kulipwa dola hapo.

MySQL inayowaka na kuzima ni hadithi nyingine, na hii inatuhusu zaidi kuliko Wajerumani. Injini yake ya kuhifadhi, InnoDB, inaandika data na kumbukumbu za kila badiliko kwenye faili za pamoja. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, mara nyingi inajiponya yenyewe kwa kusoma kumbukumbu zile. Siku nyingine inashindwa, hasa kwenye mashine ambayo batri yake imekufa na inaishi kwa waya tu. Hapo watu wanafuta faili linaloitwa ibdata1 kwa sababu mtu fulani kasema litazaliwa tena. Ndiyo, linazaliwa, lakini tupu! Meza zako zilikuwa zinategemea lile la zamani. Kabla ya kugusa chochote, nakili folda nzima ya data pembeni. Na kila jioni toa nakala ya hifadhi yako kama faili la SQL, uiweke kwenye fleshi. Onduleri ni bei, faili la SQL ni bure.

Kosa la tatu lina tarehe kamili: Desemba 2015. PHP 7 ilitoka mwezi ule, na ikaondoa kabisa kazi za zamani kama mysql_connect, zilizokuwa zimeshatangazwa kuwa za kuachwa tangu 2013. Lakini PDF zinazopita kwenye oditware zetu ni za kabla ya hapo. Mwanafunzi anakopi vizuri kabisa, neno kwa neno, na mashine inamwambia kazi hiyo haijulikani. Anajiona mjinga. Si yeye, ni kitabu kilichozeeka. Tumia mysqli ao PDO, na siku nyingine angalia mwaka wa somo kabla ya kulifuata.

Baadaye ikaja siku ya kupeleka kazi kwenye seva ya kukodi, na picha hazionekani. Windows haitofautishi Logo.JPG na logo.jpg, seva ya Linux inatofautisha. "Kwangu ilikuwa inatembea" ni sentensi inayosemwa na wanaprogramu wa dunia nzima, na kutoka humo kikazaliwa kizazi kipya cha vifaa. Mwaka 2010 Mitchell Hashimoto alitoa Vagrant: badala ya kuandaa mashine kwa mkono, unaandika maelezo yake kwenye faili, na kila mwenzako anapata mashine ileile ndani ya mashine yake. Mwaka 2013 Solomon Hykes akaonyesha Docker, nyepesi zaidi. Pembeni, Node.js ya Ryan Dahl ilikuwa imezaliwa 2009, na npm ikaifuata kama soko la vipande vya kodi: unataja jina, kipande kinashuka.

Ni kazi nzuri, naitumia. Lakini angalieni kilichobadilika kimyakimya. Furushi la 2002 lilikuja na kila kitu ndani. Vifaa vya sasa vinakuja na orodha, na vitu vyenyewe viko mbali. Mradi mdogo wa siku hizi unaweza kushusha vipande mamia kabla hujaandika salamu yako ya kwanza, na ukiufuta folda unashusha tena. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa kipande chake cha mistari 11, left-pad, kwenye npm, na miradi mingi duniani ikavunjika palepale mpaka kilipowekwa tena. Wenzetu wa Ulaya walishangaa kwamba walitegemea kitu kidogo vile kilicho mbali vile. Sisi tulikuwa tunaijua hali hiyo kwa njia nyingine.

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kwetu, ikarudi usiku wa 19 Januari 2019. Karibu wiki tatu. Aliyekuwa na mradi unaohitaji npm install alifunga mashine. Aliyekuwa na XAMPP, na maelezo ya PHP yaliyoshushwa mapema kama faili, aliendelea kuandika. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, wiki tatu ni sura nzima ya TFC.

Kwa hiyo wanaponiuliza "yaya, nianze na Docker?", nawauliza kwanza: mashine ina RAM kiasi gani, na mega unanunua wapi? Kwenye mashine ya giga 4, na koneksio ya kuhesabu, anza na furushi la zamani, ujue wale wanne kwa majina yao. Docker itakungoja. Na ukishusha chochote, lihifadhi faili lenyewe la kuweka programu, usilifute kupunguza nafasi. XAMPP ya Windows ni kama mega 150 tu. Atakayekuja nyuma yako atalitafuta, na afadhali alikute kwenye fleshi yako, baada ya kulipitisha antivirusi.