Kirusi cha Norwalk
Sisi wa maabara tuna jibu tunaloliandika karibu bila kufikiri: hakuna kilichoonekana. Mgonjwa kaleta kikopo chake dirishani, kakiviringisha kwenye gazeti kwa haya. Unapaka kinyesi kidogo kwenye kioo kwa tone la maji ya chumvi, unatafuta mayai ya minyoo, unatafuta amiba, basi. Anaondoka na karatasi yake, tumbo bado linamsokota.

Oktoba 1968 jibu la namna hiyo lilitoka Norwalk, mji mdogo wa jimbo la Ohio, Marekani. Katika shule ya msingi ya Bronson, wanafunzi na walimu 116 kati ya 232 waliugua ndani ya siku mbili. Walitapika, wengine wakaharisha. Bakteria wa kulaumiwa hakupatikana, na chanzo hakikujulikana.

Mimi hunivuta zaidi yaliyotokea majumbani. Karibu theluthi ya jamaa wa wagonjwa wale nao waliugua, kama siku mbili baadaye. Mama asiyekanyaga shuleni, lakini aliyefuta matapishi na kufua shuka za mwanawe, sasa naye anakimbilia chooni! Njia ya ugonjwa ilijulikana kabla mdudu mwenyewe hajaonekana.

Heri sampuli za kinyesi za wagonjwa wale hazikutupwa. Zilichujwa kwa chujio lisilopitisha bakteria, wakanyweshwa wafungwa wa Maryland waliojitolea, na baadhi yao wakaugua. (Mfungwa anajitoleaje, hilo lingewakosesha usingizi wajumbe wa kamati ya maadili siku hizi.) Mwaka 1972 mtafiti Albert Kapikian alichanganya mchujo na seramu ya mtu aliyekwisha kuugua. Kingamwili zikavinasa virusi na kuvikusanya vishadavishada, navyo vikaonekana kwenye hadubini ya elektroni, kila kimoja kikiwa na upana wa nanomita 27. Kimojakimoja, nani angevitofautisha na uchafu?

Kundi zima la virusi vya namna hii sasa linaitwa norovirusi, kutokana na mji ule. Chembe chache tu mkononi zinatosha kumwangusha mtu, na kwa kuwa kirusi hiki hakina utando wa mafuta, spiriti haikiwezi sawasawa. Sabuni nayo haikiui, ila hukibandua, maji yanayotiririka yakakichukua. Kwetu maabara chupa ya kitakasa mikono ipo, lakini sabuni ya mche haijaondoka pale bombani. Mtu akitapika sakafuni, tunafunika kwa karatasi, tunamwagia klorini na kuiacha ikae. Dekio linakuja baadaye.