Ujuzi wa mfanyakazi hauishi katika ripoti

UJUZI wa mfanyakazi si ule tu ulioandikwa katika ripoti za mradi. Sehemu yake kubwa hukaa mikononi na machoni mwake, na huenda hata yeye mwenyewe asiweze kuieleza. Kwa hivyo, timu isiyotafuta njia ya kuutoa ujuzi huo huupoteza mwenyewe anapostaafu au kuhamia kwingine.

Mfano maarufu ulisimuliwa na wasomi wa Kijapani Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi katika kitabu walichokichapisha 1995. Mnamo 1985, wahandisi wa kampuni ya Matsushita mjini Osaka walikuwa wakiunda mashine ya kuoka mkate nyumbani. Walitatizika: mkate uliungua juu ilhali ndani ulikuwa haujaiva. Walipima unga kwa eksirei, lakini hawakuambulia chochote.

Ndipo Ikuko Tanaka, mtaalamu wa programu katika timu hiyo, alipoamua kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja mjini humo. Akikanda unga kando ya fundi huyo, aligundua kuwa mwokaji aliuvuta huku akiupinda. Jambo hilo halikuwa limeandikwa popote. Lilijulikana kwa mkono, kama anavyojua mkandaji wa chapati kwamba unga wake umelainika.

Hata hivyo, kujua peke yake hakungetosha. Tanaka alirudi kwa wenzake, akawaeleza kwa maneno wanayoyafahamu wahandisi, nao wakatia mbavu maalumu ndani ya mashine ili kuiga mvuto ule. Katika mwaka wake wa kwanza sokoni, mashine hiyo iliweka rekodi ya mauzo miongoni mwa vifaa vipya vya jikoni.

Kikwazo kikubwa ni hofu. Mfanyakazi anayedhani kuwa siri ya kazi ndiyo ngao yake hatampa mwenzake. Katika miaka ya 1990, kampuni ya Xerox iliweka hazina ya mbinu zilizobuniwa na mafundi wake wa kutengeneza mashine za kunakili. Kila mbinu ilikaguliwa na mafundi wenzao, kisha ikahifadhiwa pamoja na jina la aliyeileta.

Msimamizi wa mradi basi ana wajibu wa aina mbili: kuwaweka wageni wa kazi kando ya wazoefu, na kuhakikisha kuwa anayetoa ujuzi wake hanyang'anywi sifa.