Wapinzani wa Nigeria Uhamishoni na Shinikizo la Nje Dhidi ya Utawala wa Abacha

Uchaguzi wa rais uliofanyika Nigeria tarehe 12 Juni 1993 ulibatilishwa na serikali ya kijeshi ya Ibrahim Babangida kabla mshindi hajatangazwa rasmi, ingawa kura zilizokuwa zimekwisha kuhesabiwa zilionyesha kuwa Moshood Abiola ameshinda. Novemba mwaka huo Jenerali Sani Abacha alitwaa madaraka, akavunja mabaraza ya kutunga sheria na kupiga marufuku vyama vya siasa. Muungano wa wapinzani wa NADECO, ulioundwa Mei 1994, ulidai matokeo ya uchaguzi yaheshimiwe. Mwezi uliofuata Abiola alijitangaza rais, akakamatwa. Wafanyakazi wa mafuta waligoma kumuunga mkono. Serikali ikawafunga viongozi wao na kuwapachika watu wake kwenye vyama vyao.

Mgomo huo ulipovunjwa, mapambano yalihamia nje. Mwandishi Wole Soyinka alitoroka Novemba 1994 kwa kupita porini hadi Benin. Anthony Enahoro, aliyetoa hoja ya kujitawala bungeni mwaka 1953, alikimbia mwaka 1996 akiwa amevuka umri wa miaka 70. Wengi walivuka mpaka kwa njia kama hiyo ya siri, hata ikaitwa njia ya NADECO. Wakiwa London na Washington, waliyasihi mataifa makubwa yawanyime majenerali viza na silaha, yazuie fedha zao na, zaidi ya yote, yaache kununua mafuta ya Nigeria.

Dai hilo la mwisho ndilo lililokuwa na makali. Mafuta yaliiletea nchi zaidi ya asilimia 90 ya fedha zake za kigeni, na mnunuzi mkubwa alikuwa Marekani. Waliolipinga walisema kwamba wananchi wa kawaida wangeumia. Hofu hiyo haikuwa ya bure, lakini ilisahau kwamba wananchi hao tayari walikuwa wakipanga foleni za petroli katika nchi inayochimba mafuta, huku mabilioni ya dola yakifichwa katika benki za Ulaya kwa jina la familia ya Abacha na washirika wake.

Hata Nelson Mandela, rais wa Afrika Kusini, alianza kwa upole, akimtuma Askofu Desmond Tutu kuzungumza na Abacha. Tarehe 10 Novemba 1995 mwanaharakati Ken Saro-Wiwa na wenzake wanane wa jamii ya Ogoni walinyongwa na serikali Port Harcourt, wakati viongozi wa Jumuiya ya Madola wakikutana Auckland. Uanachama wa Nigeria ulisimamishwa mara moja. Umoja wa Ulaya na Marekani ziliongeza makali ya vikwazo vya viza na silaha. Mandela sasa alitaka mafuta yasusiwe, lakini serikali nyingi za Afrika hazikumfuata, na mafuta yakaendelea kuuzwa. Ilibidi watu tisa wauawe ndipo dunia ichukue hatua ambazo wakimbizi walikuwa wameziomba tangu mwanzo, na hata hapo ilichukua zile nyepesi tu.

Kwa hiyo mchango mkubwa wa waliokuwa nje haukuwa kuzibana serikali za kigeni. Ulikuwa kumnyima Abacha uhalali na kuwafikia waliobaki nyumbani. Mwaka 1996 walianzisha Redio Kudirat, iliyorusha matangazo kwa masafa mafupi na kubeba jina la Kudirat Abiola, mke wa Moshood, aliyepigwa risasi Lagos Juni mwaka huo. Serikali iliwaogopa kiasi cha kumshtaki Soyinka na wenzake kwa uhaini Machi 1997. Walikuwa na udhaifu pia: viongozi waligawanyika, na kwa kuwa wengi walitoka kusini-magharibi, Abacha aliweza kuyapaka mapambano hayo rangi ya ukabila. Na bei kubwa zaidi ililipwa na waliokuwa ndani. Alfred Rewane, mfadhili wa NADECO, aliuawa nyumbani kwake Oktoba 1995.

Abacha alifariki ghafla tarehe 8 Juni 1998, na Abiola akafia kizuizini mwezi mmoja baadaye, wakati wa mazungumzo na ujumbe wa Marekani. Mrithi wa Abacha, Abdulsalami Abubakar, alikabidhi serikali kwa Olusegun Obasanjo tarehe 29 Mei 1999, na uanachama wa Nigeria katika Jumuiya ya Madola ukarejeshwa. Mwaka 2018 serikali ya Nigeria ilitangaza kuwa 12 Juni ndiyo Siku ya Demokrasia.