Seva ya Nakala za Akiba

Seva ya nakala za akiba ni kompyuta moja iliyotengwa, katika ofisi au duka lenye mtandao wake, kwa kazi ya kupokea na kutunza nakala za mafaili ya kompyuta nyingine zote za mahali hapo, ili siku diski ya karani itakapokufa, au mwizi atakapoondoka na mashine kwapani, hesabu za wateja na hati za mishahara zisiende nayo. Biashara ndogo aghalabu huanza kwa kumwachia kila mfanyakazi ajihifadhie kazi zake katika flashi, utaratibu ambao hushikwa kwa juma moja au mawili kisha ukasahauliwa.

Programu za kazi hii zimekuwapo tangu zamani. Amanda ilitungwa katika Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani. Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras walitoa rsync, ambayo hulilinganisha faili na nakala yake ya kale na kupeleka sehemu zilizobadilika tu. Na mwaka 2000 Kern Sibbald alianza kuiandika Bacula. Katika Bacula kazi imegawanywa: yupo msimamizi, akaaye katika seva na kushika ratiba, wakala, awekwaye katika kila kompyuta ili asome mafaili yake, mtunza bohari, aandikaye nakala katika diski au utepe, na lipo daftari la hifadhidata, likumbukalo faili lipi limo katika nakala ya tarehe ipi. Daftari hilo likipotea, nakala husalia nzima, ila kulitafuta faili moja ndani yake huwa adha ya kutwa kucha; basi nalo sharti linakiliwe kila usiku.

Usiku wa kwanza ndio mzito, maana huchukuliwa nakala kamili, ilhali siku zifuatazo hubebwa mabadiliko tu. Mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde haupitishi zaidi ya megabaiti 12 hivi kwa sekunde, hata terabaiti moja ikahitaji karibu siku nzima na usiku wake. Swichi na kebo za gigabiti 1 huishusha kazi hiyo hadi takriban saa 3, maadamu diski zenyewe haziko nyuma. Programu ya uhasibu nayo ina taratibu zake: hifadhidata inayonakiliwa huku ikiandikwa huweza kutoka na kasoro, kwa hiyo kwanza hutolewa dondoo yake kamili, na hiyo ndiyo inayonakiliwa.

Wako wanaodhani kwamba diski mbili zinazoakisiana ndani ya seva zinatosha. Diski hizo huikinga kazi na kufa kwa mojawapo, wala si na mkono wa binadamu, kwani faili likifutwa katika moja hufutika papo hapo katika ya pili. Kadhalika, folda ya seva iliyoachwa wazi kwa kompyuta zote ni mlango wa virusi vya kudai fidia, mfano wa WannaCry ya Mei 2017. Hivyo ni bora seva yenyewe iyaendee mafaili kwa ufunguo wake, na kompyuta za makarani zisiwe na idhini ya kugusa akiba. Fauka ya hayo, nakala moja iwekwe nje ya jengo, kwani moto hauchagui chumba.

Yaliyoipata kampuni ya GitLab tarehe 31 Januari 2017 yanastahili kusomwa na kila fundi. Mhandisi, akishughulikia hitilafu usiku, alifuta mafaili ya hifadhidata katika seva asiyoikusudia. Na yeye na wenzake walipoiendea akiba walikuta dondoo za kila siku zilikuwa zikishindikana kwa kuwa programu iliyozitoa haikulingana na toleo la hifadhidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa 6 kabla, kwa haja nyingine kabisa. Watu hao hawakuwa wajinga wa fani. Walichokosa ni desturi ya kuzirudisha nakala kwa majaribio.

Kwa hiyo mwenye biashara asiridhike na taarifa ya asubuhi isemayo kwamba kazi imekamilika. Kila mwezi na achague faili moja la zamani, alirudishe katika kompyuta nyingine, na alifungue alisome. Na mara moja kwa mwaka airudishe mashine nzima.