Keki ya mtoto na mlango wa ua

Kuna neno linalosemwa sana mitaani, nalo ni kwamba kumfanyia mtoto sherehe ya kuzaliwa nyumbani ni kuiga uzungu. Juzi nilimsikia mzee mmoja kwenye daladala akiapa kwamba katika nyumba yake keki yenye mishumaa haitaingia maadamu yeye yu hai. Abiria wengine walimcheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mzee yule alikuwa na hoja, ila nadhani aliishika kwa upande usio na mpini. Hebu tuifuate historia kidogo.

Kwanza, hao Wazungu wenyewe hawakuianzisha. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, anaeleza kwamba Waajemi waliiheshimu siku ya kuzaliwa kuliko siku nyingine zote. Tajiri alichoma ng'ombe mzima, au farasi, au ngamia, na maskini alichinja mnyama mdogo kwa kadiri ya uwezo wake. Ukitazama ndafu wanavyobebwa siku hizi katika sherehe zetu, mbuzi mzima na majani mdomoni, na watu wakimwita keki, utaona kwamba Waajemi wale wangejisikia nyumbani.

Kanisa la mwanzo halikuipenda kabisa siku hiyo. Katika Biblia sherehe za kuzaliwa zinazotajwa waziwazi ni ya Farao, ambaye siku hiyo alimtundika mwokaji wake mkuu, na ya Herode, ambapo Yohana Mbatizaji alikatwa kichwa. Katika karne ya 3 mwanachuoni Origen wa Alexandria, kule Misri, alisema kwamba hamwoni mtakatifu hata mmoja aliyeifanyia karamu siku yake ya kuzaliwa. Kwa hiyo mzee wetu wa kwenye daladala ana wenzake wa zamani sana.

Keki yenye mishumaa tunaikuta Ujerumani katika karne ya 18. Mwaka 1746 kabaila mmoja aitwaye Zinzendorf alitimiza miaka 46, na mtu aliyekuwapo akaeleza jinsi ilivyookwa keki kubwa kadiri tanuri lilivyoruhusu, ikatobolewa matundu kwa hesabu ya umri wake, na kila tundu likachomekwa mshumaa. Jina la Zinzendorf si geni kwetu. Ndiye aliyewapa hifadhi Wamoraviani katika shamba lake la Herrnhut na kuwa kiongozi wao, na ni kanisa hilo lililoleta wamisionari Rungwe mwaka 1891. Na ule wimbo tunaouimba sote wakati wa kukata keki? Sauti yake ilitungwa na ndugu wawili wa kike, Mildred na Patty Hill wa Louisville, Marekani, ikachapishwa mwaka 1893 kama wimbo wa kuwaamkia watoto wa chekechea asubuhi. Maneno ya kuzaliwa yalikuja baadaye. Kampuni moja ya muziki iliutoza ada kwa miaka mingi, hadi mwaka 2015 mahakama moja ya California ilipoamua kwamba haikuwa na haki hiyo. Manzese na Tandale hakuna aliyewahi kudaiwa senti.

Naam, hayo ni ya kwao. Sasa tuje kwetu.

Husemwa kwamba Mwafrika hakuijua siku yake ya kuzaliwa. Mimi nasema si kweli, na ushahidi ni majina yetu. Juma, Jumanne na Hamisi wanaitwa kwa siku walizozaliwa. Rajabu, Shaabani na Ramadhani wanaitwa kwa miezi. Mwanaidi amezaliwa sikukuu, Masika amezaliwa wakati wa mvua. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha. Siku ilijulikana, mwezi ulijulikana, kilichopotea ni mwaka. Na mwaka nao ulikuwa na namna yake ya kutajwa: huyu alizaliwa wakati wa Majimaji, yule alizaliwa mwaka wa nzige, na kule Ugogo watu walihesabu kwa Mtunya, ile njaa kali ya 1917 hadi 1920.

Kwa nini basi hawakurudia kuisherehekea siku ile mwaka baada ya mwaka? Hapa ndipo ninapomtaka mzee wa daladala anisikilize. Bibi yangu mzaa baba alijifungua mara tisa, akalea watano. Hakuwa na bahati mbaya kuliko wenzake. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa Tanzania Bara, karibu 160 hawakufikisha mwaka mmoja, na enzi za ujana wa bibi, kabla ya zahanati na chanjo, hali haikuwa nafuu. Nilipomwuliza mbona hawakuwa na bethidei, alinijibu, "Mjukuu wangu, ungemhesabia nani? Tulikuwa tunaogopa kumtaja."

Kwa hiyo sherehe zao zilikaa karibu sana na uzazi. Kwa Waislamu kuna akika, siku ya saba, mtoto ananyolewa nywele na kuchinjiwa, mbuzi wawili kwa wa kiume na mmoja kwa wa kike. Kisha kuna arobaini, siku ambayo mama na mtoto hutoka nje. Makabila mengi ya bara nayo yana siku yao ya kumtoa mtoto na kumwonyesha jua. Siku hiyo maana yake ilikuwa moja tu: huyu bado yupo. Na arobaini haikuwa na kadi ya mwaliko. Harufu ya pilau ndiyo ilikuwa kadi. Watoto wa mtaa mzima walijaa uani, wakanawa mikono, wakazunguka sinia, na hakuna aliyeuliza huyu mtoto wa nani.

Tarehe kamili ililetwa na vitabu. Wamisheni waliandika katika daftari za ubatizo. Serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya kuandikisha vizazi na vifo mwaka 1920, lakini haikumlazimisha Mwafrika kuandikishwa. Wengi walipata tarehe siku walipopelekwa shule au walipoomba kazi, na karani aliyechoka akawaandikia Januari mosi. Katika ukoo wetu wapo sita wa Januari mosi, wawili kati yao wa tumbo moja na miaka mfululizo. Baba ni mmojawapo. Husema kwamba siku hiyo ndiyo aliyozaliwa karani. Kilichoibadili nchi, kwa maoni yangu, ni kadi ya kliniki. Tangu kliniki za mama na mtoto zilipoenea miaka ya 1970, hata nyumba isiyo na cheti ilikuwa na karatasi ile yenye uzito, chanjo na tarehe, imefungwa katika mfuko wa nailoni chini ya godoro. Cheti chenyewe kilichelewa mno; mpango wa kuwapa bure watoto wa chini ya miaka mitano ulianza mkoani Mbeya mwaka 2013.

Ukishakuwa na tarehe, na mtoto akiwa hai, keki haiko mbali. Ila miaka ya mwanzo ya 1980 keki yenyewe ilikuwa mtihani. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera, fedha za kigeni hazikuwapo, na unga wa ngano, sukari na sabuni vilipatikana kwa foleni. Mama yangu husimulia alivyoweka sukari kijiko kijiko kwa miezi miwili ili dada yangu mkubwa atimize miaka mitano kwa heshima. Keki iliokwa katika sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, pembeni ikaungua na katikati ikabonyea. Mshumaa ulikuwa mmoja, ule ule wa kumulikia umeme ukikatika. Wageni walikuwa watoto wote wa uani, wa nyumba ya vyumba sita, kwa sababu huwezi kumfukuza mtoto ambaye mama yake mnachangia bomba moja.

Mwaka 1984 serikali ililegeza biashara ya nje, unga ukarudi madukani, na miaka ya 1990 ikaja na maputo, kofia za karatasi, picha za watoto magazetini, na kadi. Hapo kwenye kadi ndipo ninapoona kitu kimevunjika. Kadi humtaja aliyealikwa, kwa hiyo humtaja pia asiyealikwa. Siku hizi naona geti limefungwa, muziki unalia, na nje wamejipanga watoto wa jirani wakichungulia kwenye upenyo, wakiwa wamevaa nguo zao za sikukuu. Hili ndilo ambalo bibi yangu asingelielewa. Mishumaa angeielewa. Hata ile desturi ya vijana wetu ya kummwagia mtu maji siku yake angeicheka tu.

Mwaka 2022 utafiti wa afya wa kitaifa ulikuta vifo vya watoto chini ya mwaka mmoja vimeshuka hadi 33 kwa kila 1,000. Ni wengi bado, na kila mmoja ana mama yake. Lakini ndiyo sababu leo tunathubutu kuhesabu.

Jumamosi iliyopita kitinda mimba wetu alitimiza miaka mitano. Mke wangu aliagiza keki ndogo, akapika vitumbua vya kilo tatu za mchele, ukwaju ndoo moja, akaniambia nifungue mlango wa ua saa kumi na niuache hivyo. Tulitarajia watoto kumi na watano. Nilihesabu arobaini na mmoja, kisha nikaacha kuhesabu. Keki ilikatwa vipande vidogo kama vya kashata, na waliochelewa walipata kitumbua.