Njia ya Uru na Mombasa kwa Msafiri wa Peke Yake

Kijana wa Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, atakaye kwenda kuogelea Mombasa leo huteremka kwa daladala hadi stendi ya Moshi, hupanda gari la Holili, hugongewa muhuri mpakani, na ikiwa aliamka mapema, kabla ya jua kuchwa huwa ameketi ukingoni mwa bahari pale Mama Ngina, mkononi ana muhogo wa kukaanga uliopasuliwa katikati ukatiwa pilipili ya unga na kukamuliwa ndimu, pasipo kuandamana na mtu na pasipo kumwomba mkubwa yeyote idhini. Safari ya namna hii, ya mtu mmoja mwenye kibindo chepesi, vijana wa zama hizi huihesabu kuwa haki waliyozaliwa nayo; walakini katika tarehe ya nchi yetu ni neema changa mno, nayo imekwisha kutuponyoka mara moja machoni pa wazee walio hai.

Katika karne ya 19 baina ya mlima na bahari, mwendo wa takriban kilomita 300, hapakuwa na aliyekwenda peke yake ila mtoro au aliyekata tamaa. Wafanyabiashara wa Mombasa na Pangani walipanda kwa misafara yenye bunduki, wakaleta nguo, shanga na nyaya, wakarejea na pembe za ndovu na, wala haifai kulificha jambo hili, wanadamu. Uru ilikuwa imeketi baina ya Kibosho ya Mangi Sina na Moshi ya Mangi Rindi, watawala wawili wenye nguvu na uhasama, hata mtu aliyevuka korongo la mpaka bila ya jamaa wa kumkingia kifua hakuwa na yakini ya kurudi kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani. Penye amani palikuwa Taveta, ndani ya msitu wa mto Lumi, ambako misafara ilipumzika na kununua chakula. Huko ndiko mpelelezi Joseph Thomson alikopiga kambi mwaka 1883 alipokuwa akijiandaa kuingia nchi ya Wamasai.

Aliyekaribia kuwa msafiri mwepesi katika zama hizo ni Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, ambaye mwaka 1848 alitoka pwani na wapagazi wachache, akiongozwa na Bwana Kheri, mjuzi wa njia za bara, na mkononi mwake akishika mwavuli mahali ambapo wengine walishika bunduki. Tarehe 11 Mei, baada ya takriban wiki mbili za nyika, aliiona theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na alipoiandikia Ulaya habari hiyo wataalamu wa London waliokuwa hawajapata kuukanyaga udongo huu walimkadhibisha. Mwaka uliofuata alirudi na bidhaa nyingi zaidi akikusudia kufika Unyamwezi, lakini huko Machame Mangi Mamkinga alimtoza zawadi juu ya zawadi hata mizigo ikaisha, na bwana yule akarudi pwani mgonjwa na mikono mitupu. Kusafiri bila nguvu hakukuwa rahisi wala nafuu: asiye na bunduki alilipa kila mlango aliobisha.

Pwani kwenyewe, kinyume chake, mgeni wa peke yake alikuwa mtu anayejulikana tangu kale. Ibn Battuta, aliyeondoka kwao Tangier mwaka 1325 akiwa kijana asiye na mwenzi wala msafara, alilala usiku mmoja Mombasa mnamo mwaka 1331, na mambo aliyoyaandika ni ya mtu aliyepokewa vema: kwamba wenyeji walikula ndizi na samaki, kwamba misikiti yao ilijengwa kwa mbao kwa ustadi, na kwamba mlangoni pa kila msikiti palikuwa na kisima, ambapo mtu huteka maji kwa chombo cha mti, akanawa miguu, ndipo akaingia. Kila nisomapo habari ya ndizi zile huwaza kwamba Mchagga wa siku hizo, lau angefika salama, asingekosa chakula alichokizoea.

Waliokuja baadaye hawakunawa miguu. Vasco da Gama alitia nanga mbele ya Mombasa mwezi wa Aprili 1498, mwaka 1505 Wareno wakauteketeza mji, na mwaka 1593 wakaanza kuijenga ngome ambayo Waomani waliizingira tangu 1696 hata wakaitwaa mwaka 1698. Waingereza waliigeuza kuwa gereza, ikabaki hivyo hadi 1958, na mwaka 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Hivi leo msafiri huingia kwa tiketi, akasimama juu ya kuta walipokufa mzingiwa na mzingiraji, akatazama ng'ambo majahazi yakipita.

Kilichomfungulia mtu wa Uru bahari ni mambo mawili, reli na kahawa. Reli ya Tanga, iliyoanzwa na Wajerumani mwaka 1893, ilifika Moshi mwaka 1911. Na katika Vita vya Kwanza Waingereza waliivuta nyingine kutoka Voi, kupitia Taveta, wakaiunga na ile ya Tanga hapo Kahe. Reli iliyojengwa kwa minajili ya kubeba askari na mizinga ikaja kubeba magunia na abiria wa daraja la tatu, wenye vikapu vyao vya ndizi miguuni. Kahawa nayo ilileta nauli. Wakulima waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama cha ushirika cha KNCU. Na mwenye miti michache ya kahawa kihambani akaweza, baada ya malipo ya msimu, kumpa mwanawe fedha ya kwenda kuitazama dunia. Mabinti walichelewa kuipata ruhusa hiyo, ingawa mama zao ndio waliozoea kutembea njia ndefu za masoko wakiwa na mikungu kichwani, na hilo ni deni ambalo bado halijalipwa lote.

Kisha mwezi wa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, nao haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Ukoo ulioenea Holili na Taveta ukakatwa katikati. Reli iliyokuwa moja ikawa mbili. Na bahari iliyomsalia kijana wa Uru ikawa ya Tanga na Dar es Salaam. Ajabu ni kwamba Moshi yenyewe ilikuwa imekwisha kuwa kituo cha ajnabi wenye shanta mgongoni na fedha haba mfukoni, waliolala YMCA au katika vyumba vya bei nafuu ambavyo KNCU ilivifungua ndani ya jengo lake mjini. Msafiri maskini wa Ulaya alistarehe kitandani pa wakulima wa kahawa. Wenzi wake wa leo hupanda hadi Materuni, kwetu Uru, kuona maporomoko na kutwanga kahawa kinuni, na tunawapokea kwa furaha.

Mwaka 2016 kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa rasmi Holili na Taveta, na Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirejea Moshi baada ya miaka mingi ya ukimya. Iliyosahauliwa ni njia ya Voi. Haina treni ya abiria ya kumvusha mtu kutoka Moshi hadi Kenya, nayo ndiyo iliyokuwa njia ya watu wa kipato kidogo. Tunaziomba serikali zetu mbili, ya Dodoma na ya Nairobi, zinapokaa kupanga mambo ya reli, ziiweke njia ya Voi, Taveta na Moshi katika hesabu, na ziiweke pamoja na behewa la daraja la tatu.